Kuzoa Mavi ya Farasi ni Shilingi Ngapi?

"Mjomba, hapa nalipwa kuzoa mavi au nalipwa kuamka?"

Kijana aliniuliza hivyo akiwa ndani ya banda, chepe mkononi, alfajiri ambayo mwanga ulikuwa bado hautoshi kutofautisha maranda makavu na yaliyolowa mkojo. Nilikuwa nimekwenda kumaliza naye habari ya ujira. Nikamtajia kiasi kwa kujiamini, kama mtu anayetaja bei ya dagaa gengeni. Hakubishana, hakucheka, hakuomba niongeze. Aliuliza hilo swali, akageuka, akaendelea kuzoa.

Nikamwambia tutaongea jioni. Jioni nikamwambia kesho.

Zikapita wiki kadhaa, na swali lenyewe likanifuata hadi kwenye swala.

## Laki tatu, na kinachobaki

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu: naangalia nyumba na viwanja vya watu wanaoishi Dar. Nalipa umeme, nafukuza mbuzi wa jirani, natafuta fundi bomba likipasuka. Mwenye farasi alinipata kwa njia hiyohiyo. Ana eneo hapa Bagamoyo, upande wa barabara ya Kaole, minazi michache, kisima, na sasa mabanda mawili ya mbao yaliyoezekwa makuti. Farasi wenyewe wawili, jike na dume aliyehasiwa, waliletwa kwa lori kutoka kaskazini. Yeye huja Ijumaa jioni, huondoka Jumapili.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Kaka, bei ya hapa ya mtu wa kusafisha banda ni kiasi gani?"

Nikamwambia ya farasi sijawahi kuisikia.

Akafikiri kidogo, akasema atatoa laki tatu kwa mwezi. "Tafuta mtu, elewaneni. Kinachobaki ni chako kwa usimamizi."

Wenzangu wa udalali mliosoma hapo najua mmeshatabasamu. Kwa mwenye pesa mpango huo ni rahisi: anatoa fungu moja, hataki kesi. Kwa mimi niliyekaa katikati, kila elfu ambayo kijana hapati inaingia mfukoni mwangu. Hakuna aliyeniambia nimbane. Hesabu yenyewe ndiyo inayonong'ona.

Sioni haya kulipwa kwa kusimamia, nina watoto wa shule kama wengine. Lakini katika mpango ule sikuweza kuona kazi yangu inaishia wapi na shida ya mwenzangu inaanzia wapi. Mtu mwenye njaa hukubali haraka, na kadiri anavyokubali haraka ndivyo mimi ninavyobaki na kikubwa.

## Bei ya ng'ombe

Nilianza kuuliza kwa walio karibu. Bagamoyo farasi ni wa kuhesabu, ila ng'ombe wa maziwa wapo, Nianjema na kuelekea Kiromo, watu wenye ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa ndani. Nikapita kuuliza wanamlipa kiasi gani kijana wa banda.

Themanini. Laki. Laki na ishirini kwa anayekamua. Chakula na chumba juu yake.

Mama mmoja, mfugaji wa siku nyingi, aliposikia habari ya laki tatu alitua ndoo chini. "Baba, usituharibie soko. Huyo ukimpa laki mbili, wangu kesho ananiaga." Sikumwona mchoyo. Maziwa anauza kwa lita hapo hapo mlangoni, nusu ya wateja wanakopa, pumba zinapanda bei kila ukienda dukani. Akilipa laki mbili hana ng'ombe tena, ana hasara yenye pembe.

Halafu kuna sheria. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyokuwa ikitumika wakati huo, ile iliyoanza Januari 2023, iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kazi za kilimo, ambayo kwa siku ni shilingi 5,384 na senti zake. Mfanyakazi wa nyumbani kwa mwajiri wa kawaida aliwekewa 60,000 kama analala hapo, 120,000 kama halali hapo. Wengi niliowauliza, kiwango hicho walikisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Sasa kijana wa farasi ni nani? Wa kilimo? Wa nyumbani? Farasi wale hawalimi, hawakamuliwi, hawabebi mzigo. Ni wa kupandwa ufukweni wikiendi, maji yakitoka.

Ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile "bei ya hapa" yenyewe. Ni bei waliyoelewana watu wasio na pesa, wakilipana wao kwa wao, kwa ajili ya mnyama anayewalisha wote wawili, mwajiri na mwajiriwa. Mama wa Nianjema na kijana wake wanakunywa maziwa ya ng'ombe mmoja. Kuichukua bei hiyo kutoka banda lake na kuipeleka kwa mnyama wa starehe, ambaye majani makavu na pumba zake za mwezi zinazidi mshahara wa kijana wa ng'ombe, ni kuazima umaskini wa mtu bila kumwomba.

Hivyo ndivyo ninavyoona. Mke wangu anasema bei ni bei.

## Pwani hii haikuwa na farasi

Kuna mzee wa Magomeni ya hapahapa Bagamoyo, si ya Dar, anayefuga punda wa kubeba maji na mchanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu, akacheka mpaka akakohoa. "Farasi? Pwani hii? Mbung'o atamla huyo."

Anajua anachosema. Misafara iliyotoka hapa kwenda Ujiji ilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu kwa sababu hiyohiyo: mnyama wa mzigo alikufa njiani kwa maradhi yanayoenezwa na mbung'o. Mji huu ulikuwa na bei ya kila kitu. Bei ya kubeba pembe, posho ya njiani, doti za nguo kwa kila chifu mwenye njia yake. Ya kusafisha banda la farasi haikuhitajika, kwa kuwa farasi hawakuishi muda wa kutosha kuchafua banda.

Stanley alipoondoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash. Walikufa wote mapema, safari haijafika popote, wakiwa kwenye kijiji alichokiita Kingaru. Mmoja akazikwa karibu na kambi. Mkuu wa kijiji akaja kudai doti mbili za merikani, yaani kitambaa cha pamba, kwa kuwa mzoga umezikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu kwamba basi atamfukua, amwache juu ya ardhi palepale. Mkuu akaona heri yaishe, farasi abaki alikozikwa.

Nampenda yule mkuu wa kijiji. Aliona mnyama wa mgeni, akaona kuna mzigo watakaoachiwa watu wa pale msafara ukishapita, akataja bei papo hapo. Haikusimama, sawa. Lakini aliitaja yeye.

## Saa mbili zilizokatwa vipande

Mwenye farasi alikuwa na hoja, na si ya kupuuza. "Kaka, mabanda mawili tu. Ni kazi ya saa mbili kwa siku. Muda mwingine wote yuko huru."

Nikaamua kukaa nitazame.

Aliyewaleta farasi kutoka kaskazini alibaki nasi kwa muda kutufundisha, kwa hiyo kijana alikuwa na utaratibu. Farasi anatolewa nje kwanza. Mavi yanaokotwa kwa uma, yanatikiswa ili maranda makavu yadondoke yabaki. Kisha makavu yote yanasukumiwa ukutani, panafukuliwa palipolowa, sakafu inaachwa ipate hewa. Ile harufu ya mkojo inayochoma macho ni amonia, na ikiachwa ikakaa inaharibu mapafu ya farasi, maana yeye analala na pua chini kule inakotokea. Kwato zikishinda kwenye unyevu, sehemu laini ya chini inaoza. Nzi wanaouma huzaliana kwenye matandiko yanayooza. Baada ya hapo makavu yanarudishwa, mapya yanaongezwa, ndoo zinasuguliwa. Farasi mmoja wa kilo 450 hivi hutoa, mavi na mkojo pamoja, zaidi ya kilo 20 kwa siku. Weka na maranda yaliyolowa, zidisha kwa wawili, halafu usukume toroli kwenye mchanga wa pwani.

Ukizijumlisha dakika ni kweli, zinafika saa mbili, mbili na nusu.

Lakini tazama zinapoangukia.

Saa kumi na moja alfajiri. Kisha mchana, kuokota kilichoongezeka na kujaza maji, kwa sababu farasi kwenye joto letu anaweza kunywa lita 40 kwa siku na ndoo haijijazi. Kisha jioni, kabla ya Magharibi, warudishwe ndani kabla usubi haujaanza kutoka. Usubi ndio unaoeneza maradhi ya farasi ya Kiafrika, na hayo hayampi mtu nafasi ya kuuliza mara mbili.

Mtu aliyefungwa alfajiri, mchana na jioni hawezi kwenda kuwa saidia fundi Zinga. Hawezi kushika bodaboda ya mtu, maana mwenye pikipiki akitaka hesabu yake jioni hataki kusikia habari ya ndoo. Baharini ndiyo asahau kabisa. Yuko huru, naam, kwa saa ambazo hakuna atakayemlipa.

Nikaisoma hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nikitafuta la kumjibu. Inahesabu saa: 45 kwa wiki, 9 kwa siku, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, siku 28 za likizo kwa mwaka. Kwa kipimo hicho kijana hafikii hata nusu. Kwa kipimo cha usingizi wake amekwisha.

Na yeye alikuwa na hesabu yake, haina karatasi. Saidia fundi analipwa elfu kumi na tano kwa siku. "Ila mjomba, kuna wiki nzima simu hailii." Kwa hiyo hakudai elfu kumi na tano mara siku thelathini, si mjinga. Alitaka laki mbili na nusu. Uhakika wa mwezi alishaukata mwenyewe kabla hajafungua mdomo, punguzo limo ndani ya bei. Mimi nilikuwa nimemtajia laki na hamsini, juu ya bei ya ng'ombe, juu ya kima cha chini, hoja zote ziko mfukoni.

Pamoja na laki na hamsini nyingine ambayo ingebaki mfukoni humohumo.

## Maranda na risiti

Gharama nyingine nitazipita haraka. Maranda fundi seremala alikuwa anatupa bure, anashukuru kusafishiwa karakana, mpaka aliposikia ni ya farasi. Siku hiyohiyo kiroba kikawa elfu moja. Tukajaribu pumba za mpunga za mashineni, dume akawa anakula matandiko yake. Tukarudi kwa fundi tumeinamisha vichwa. Ya mvule tunayakataa, vumbi lake linawasha pua na ngozi za watu, sembuse mnyama aliyefungiwa nalo usiku kucha. Kuna gambuti, glovu, reki, na chanjo ya pepopunda kwa kijana, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya farasi, na mtu anayeshika uma alfajiri gizani hachelewi kujichoma.

Vyote hivyo mwenye farasi alilipia bila kuuliza. Nimeliona hili kwa wengi ninaowafanyia kazi, wala si kwake tu: bei ya duka haijadiliwi, risiti ipo. Kinachojadiliwa mpaka usiku ni ujira wa mtu.

## Rundo moja

Asubuhi moja simu ililia kabla jua halijatoka.

"Mjomba, jike hajanya."

Nilitaka kumwambia ashukuru, kazi imepungua. Hakunipa nafasi. Rundo moja tu, akasema, dogo na kavu. Maji ya ndoo yako vilevile. Maranda yamevurugwa banda zima, amegaragara usiku. Sasa amesimama, kila mara anageuza shingo anatazama ubavu wake.

Yule mfundishaji alikuwa ametuonya. Farasi hawezi kutapika. Kinachomkwama tumboni kinabaki hukohuko, na msokoto wa tumbo ambao kwa mtu ni dawa na kulala, kwa farasi unaweza kuwa kifo ndani ya siku. Farasi mzima hunya mara nane na zaidi kwa siku, kwa hiyo banda lililokaribia kuwa safi asubuhi ni habari mbaya.

Tukampigia daktari wa mifugo Dar. Wakati anapambana na foleni ya Tegeta, kijana alimtembeza jike taratibu chini ya minazi, akamwondolea chakula. Daktari alipofika alimpitisha mpira puani mpaka tumboni, akamimina mafuta na maji, akamchoma sindano ya maumivu, tukangoja. Alasiri jike alinyanyua mkia. Watu wazima watatu tulishangilia mavi.

Bili ya daktari peke yake ilikaribia mshahara wa mwezi niliokuwa naubishania. Ililipwa jioni hiyohiyo kwa simu.

Daktari alisema kilichomwokoa ni saa. Ingejulikana mchana, angekuja na maneno mengine. Nikamtazama kijana. Hakuwa amefanya cha ziada siku hiyo, alikwenda kuzoa kama jana na juzi. Alijua rundo la kawaida la jike likoje, kubwa kiasi gani, linaangukia kona ipi, kwa sababu ameyazoa yote. Deiwaka anayebadilishwa kila juma angekuta banda halina kazi, akashukuru Mungu, akaenda kunywa chai.

Ndiyo maana swali lake mwenyewe sikubaliani nalo tena. Kuzoa na kuamka alivitenganisha ili anibane, na alinibana. Ila kwenye lile banda ni kitu kimoja. Aliyeamka jana na juzi ndiye anayeona leo kuna kasoro.

Nilijaribu kulipigia hesabu hilo la kuona, nikashindwa. Nikafanya nililoliweza. Nilimpigia mwenye farasi nikamwomba atenganishe mafungu: changu cha kusimamia kikae peke yake, elfu sitini, na cha kijana amtumie mwenyewe kwa simu, kisipite mikononi mwangu.

Akauliza kama kuna mtu ameiba.

"Hapana dada. Sitaki tu niwe napata mwenzangu akikosa."

Alinyamaza kidogo. Akasema sawa.

Kwa hiyo 240,000 kwa kijana. Na kabla hamjanipa utakatifu: elfu sitini kwa kupita pale mara chache kwa wiki na kupokea simu za alfajiri si pesa ya kulilia.

## Mavi ni ya nani?

Elfu kumi iliyopungua kwenye bei yake hakuiacha hivihivi.

"Sawa mjomba. Na mavi?"

"Mavi gani?"

"Haya ninayozoa. Ni ya nani?"

Nikampigia mwenye farasi, akacheka sana, akasema achukue yote, na Mungu ambariki.

Kijana alianza lundo nyuma ya uzio, mbali na kisima. Wakulima wa mchicha wa bondeni walikuja kuchukua bure, wakarudi na malalamiko: mchicha umekuwa njano. Tatizo ni maranda. Yakichanganywa mengi shambani kabla hayajaoza, yanaoza kwa kunyonya naitrojeni ya udongo, mmea unabaki unatazama. Halafu magugu. Farasi hacheui, kwa hiyo mbegu nyingi za majani zinapita tumboni mwake zikatoka nzima upande wa pili, tayari zimewekewa mbolea. Kijana aliyajua hayo kwa kutukanwa na wateja. Sasa anachambua maranda mengi iwezekanavyo, analimwagia lundo maji, analigeuza kwa chepe, analifunika makuti, analiacha lipate moto wake. Ukiingiza mkono katikati unautoa haraka. Likishapoa likawa jeusi na halina harufu, anajaza viroba, elfu mbili kimoja.

Mkokoteni unaokuja kuvibeba ni wa yule mzee wa Magomeni. Punda wake na farasi wanatazamana juu ya uzio.

Jumamosi moja mwenye farasi alikuta mkokoteni unatoka umejaa. Akanivuta pembeni. "Kumbe anapata na huko. Basi ile 240 si tuitazame upya?"

Hapo sikuhitaji wiki za kufikiri. Samadi ile ilikuwa takataka, na kama kijana asingeigusa tungekuwa tunalipia gari la kuiondoa kila mwezi. Kila kiroba kinachotoka getini ni nzi ambao hawatazaliwa. Na alipoambiwa achukue ilikuwa ni mavi, hakuna aliyeyataka. Mwenye farasi akiitaka samadi yake, haki yake, ila aigeuze yeye Jumapili kabla hajapanda gari. Nilimwambia kwa adabu kuliko nilivyoandika hapa. Hajanijibu mpaka leo, ingawa mwezi uliofuata pesa ya kijana iliingia kamili.

Ambaye sina la kumwambia ni mama wa Nianjema. Kijana wake alikuja mwenyewe getini kuuliza kama kuna nafasi. Nilimwambia hakuna, lakini habari ilifika kabla yangu, na siku hizi nikimpigia kuulizia maziwa nakuta yameisha. Kijana wa farasi alitaka kujua analipwa kwa lipi. Mama anataka kujua nani atanunua lita yake kwa bei itakayomwezesha kulipa laki mbili na arobaini. La pili ni zito zaidi, na halijibiwi kwa mimi kutenganisha mafungu.

## Siku moja kwa wiki

Ikabaki siku ya kupumzika. Kijana angependa Ijumaa, lakini Ijumaa ndiyo mwenyewe anakuja na anataka kukuta banda linang'aa. Wakaelewana Jumatatu. Mtu wa pili wa kushika Jumatatu mwenye farasi hakutaka kumlipia, na kwa kuwa nilishambana kwenye samadi nikaona nisimbane tena mwezi uleule. Kijana akasema tusihangaike, atamtafuta mtu mwenyewe, atamlipa kwenye pesa ya viroba.

Akamleta mtoto wa shangazi yake, aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Dogo mzuri, mkimya, chepe linakaa mkononi. Jumatatu nilipopita nilimkuta anasugua ndoo. Nikamuuliza kaka yake anampa kiasi gani.

"Elfu tano, mjomba."

Nilikwenda moja kwa moja kumtafuta kaka mtu, nikamkuta kijiweni kwa bodaboda, miguu juu, anakula siku yake. Nikamuuliza elfu tano ni ya kuzoa au ya kuamka.

Alicheka. "Mjomba, si ndiyo bei ya hapa?"

Nikamweka chini. Kwa saa, nikamwambia, umempita hata mwenye sheria, maana kima cha kilimo kwa saa kinatoka shilingi 717 na wewe mtoto umempa kama elfu mbili. Lakini kwa siku sheria inasema 5,384, na wewe umemfunga alfajiri, mchana na jioni, yaani ni siku hiyo. Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu hii. Dogo amepungukiwa shilingi 384.

Akadhani natania. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa mia tano, akanikabidhi.

"Mpelekee, mjomba. Kinachobaki ni chako."